Una digrii ya unasihi? Njia ya kufika PhD ya saikolojia tiba ni hii

Uko Songea, una digrii ya unasihi, na ndoto yako ni PhD ya saikolojia tiba. Inawezekana, ila usikimbilie kujaza fomu.

Mnasihi na mwanasaikolojia tiba wote wanasikiliza watu. Tofauti ni kwamba huyu wa pili amefundishwa pia kupima na kutambua magonjwa ya akili, kama sonona na skizofrenia, akifanya kazi na timu ya hospitali. Hapo ndipo maombi ya mnasihi yanapopwaya: miaka mitano ya kuongea na wanafunzi shuleni ni kazi kubwa, lakini haionyeshi wodi, upimaji wala utafiti.

Daraja ni shahada ya uzamili. MUHAS, pale Muhimbili jijini Dar, wanayo ya saikolojia tiba. Kutoka hapo, Nairobi kuna PhD katika Chuo Kikuu cha Daystar, na USIU-Africa wana PsyD, udaktari unaoegemea zaidi kutibu kuliko kutafiti. Marekani wapo wanaochukua mtu akiwa na digrii ya kwanza tu, na PhD nyingi kule humlipia mwanafunzi ada. Ushindani wake sasa, si mchezo!

Kwa leo anza na kilicho karibu. Omba kujitolea hospitali ya rufaa ya mkoa, andika kila saa unayofanya na nani anakusimamia. Na kabla hujatuma hela chuo cha nje, waulize TCU kama shahada hiyo wataitambua.