Buloni moja ilivunjika, magunia mawili yakabaki njiani

Katika kurasa hizi tunaongea mara nyingi juu ya mbegu, mbolea na ghala. Leo tunaongea juu ya kinga. Musishangae. Kwetu Kilwa, kando ya ziwa Moero, kamio haiingii katika kila njia ya mashamba. Kati ya shamba na barabara kubwa kuna kinga. Ikikufa siku ya kuuza, kazi ya musimu muzima inangoja njiani.

Tuliona jambo hilo kwa macho yetu mwishoni mwa mavuno ya mahindi. Tulikuwa tunatembelea koperative moja ya upande wa Kilwa. Wanachama walikuwa wamepatana bei pamoja na mununuzi mumoja, na kamio yake ilipaswa kupita saa tisa ya muchana, kwenda Lubumbashi. Mama mumoja alipakia magunia mawili juu ya kinga, mutoto wake muvulana anasukuma, sisi tunafuata kwa miguu. Penye kijito, gurudumu la nyuma likashuka ndani ya shimo. Tukasikia «ta!» Gurudumu likalala upande, likagusa uma, likakataa kuzunguka. Akse ilikuwa imevunjika, ile buloni ndefu yenye uzi pande mbili, inayopita katikati ya kitovu cha gurudumu.

Tulikimbia kusaidia, na sisi ndio tuliharibu zaidi. Ekru ya upande wa munyororo ilikuwa imeshikwa na kutu. Hatukuwa na ufunguo wala mafuta. Tukachukua jiwe, tukapiga kichwa cha akse tukifikiri itatoka.

«Baba agronomu, muache kupiga,» mama alisema. «Mutatuulia hata gurudumu.»

Alikuwa na haki. Fundi alipofika, kamio ilikuwa imekwisha kupita. Alifungua kitovu akatuonyesha: kila tulipopiga, tulisukuma gololi kwa nguvu, nazo zikaacha mashimo ndani ya kikombe chake. Sasa haikuwa tena akse peke yake ya kununua, ila kitovu kizima. Kesho yake magunia mawili yaliuzwa kwa mupita-njia aliyekuja na mizani yake mwenyewe. Mama alihesabu pesa mbele yetu, hazikutosha masomo ya mutoto. Alisema tu: «Nimelima miezi yote hii, buloni ndiyo imekula.»

Kwenye chuo walitufundisha udongo, magonjwa ya mihogo na namna ya kuhifadhi mahindi. Kinga hawakutufundisha. Kwa hiyo tulimuomba fundi atuonyeshe kazi yote polepole, tukaandika. Ndiyo haya.

Kwa nini akse ya nyuma ndiyo inavunjika

Kitovu cha nyuma kinazunguka juu ya gololi za pande mbili. Upande wa kushoto gololi ziko karibu na uma. Upande wa kuume, meno yanayoshika munyororo yanakaa nje ya gololi, kwa hiyo akse inapita kipande kirefu bila kitu cha kuishika mpaka ifike kwa uma. Muzigo unapokandamiza, kipande hicho ndicho kinapinda. Ndiyo sababu inavunjika mara nyingi upande wa munyororo, karibu na kono (ile ekru ya duara inayokandamiza gololi).

Chuma nacho hakivunjiki kwa siku moja. Angalia sura ya mahali palipovunjika: mara nyingi sehemu moja ni nyeusi ao ina kutu, na sehemu nyingine inang’aa. Ile nyeusi ni ufa wa zamani. Ile inayong’aa ndiyo imeachia leo. Ya mama yule ilikuwa hivyo, nusu nzima ilikuwa nyeusi. Maana yake, alipokuwa anapalilia mahindi, akse ilikuwa imekwisha kupasuka.

Namna ya kuitoa

Jambo la kwanza la kujua: akse haikukazwa ndani ya kitovu. Inashikwa na kono mbili tu, moja kila upande. Ikivunjika katikati, kila kipande kinatoka upande wake. Hakuna sababu ya kupiga nyundo.

1. Shusha muzigo wote. Geuza kinga, magurudumu yaangalie juu. Toa munyororo kwenye meno.

2. Ekru ikikataa, weka mazuti iliyochanganywa na mafuta kidogo ya mota. Ngoja. Kama muda uko, iache usiku muzima. Kisha jaribu kukaza kidogo sana, halafu legeza kwa kuzungusha kushoto. Enda na kurudi hivyo mpaka iachie.

3. Toa gurudumu, ulilaze juu ya kitambaa ao sahani pana ili gololi zisipotee kwenye majani. Legeza kono ya kushoto, uvute kipande cha kushoto kwa mukono.

4. Kwa kipande cha kuume, pitisha muti mwembamba ao waya munene ndani ya kitovu kutoka kushoto, usukume polepole. Kinatoka pamoja na kono yake, kupitia katikati ya meno. Hesabu gololi.

5. Kama unataka kuokoa kono na kipande cha akse kimekwama ndani yake, chonga kwa tupa sura mbili bapa kwenye mwisho unaoonekana, ukishike kwenye jiriwa, uzungushe kono kwa ufunguo mwembamba. Kama mwisho hauonekani vizuri, kata mufereji mudogo juu yake kwa wembe wa musumeno, kisha tumia bisibisi. Kila mara kono ndiyo izunguke kinyume cha saa, ukiangalia kutoka mwisho ambapo itatokea.

Musiweke kono ndani ya moto wa makala. Itaachia kweli, lakini chuma chake kitakuwa laini, na gololi zitaikula kwa muda mufupi.

Kabla ya kurudisha gurudumu

Peleka vipande vyote viwili sokoni, usinunue kwa macho. Kwenye kinga nyingi za muzigo, akse ya nyuma ina unene wa milimita 9.5, ya mbele milimita 8. Kono ya zamani ipite juu ya akse mupya kwa vidole, bila kulazimisha. Bingirisha akse juu ya kioo ao meza iliyonyooka. Ikirukaruka, imepinda, muachie muuzaji.

Gololi za nyuma ni 9 kila upande kwenye vitovu vya namna hii. Badilisha zote pamoja. Zile za zamani zimechakaa, na zikichanganywa na mupya, muzigo utakaa juu ya mupya peke yake. Weka grisi safi, isiyo na muchanga. Kaza kono kwa vidole, kisha rudisha nyuma kidogo. Gurudumu lizunguke bila kukwama na bila kucheza pembeni. Hapo shika kono kwa ufunguo mumoja, ukaze ekru yake kwa mwingine.

Wakati wa kupakia, magunia yakae chini na karibu na kinga, uzito sawa pande zote. Mbele ya shimo, simameni, mushikilie wawili, muvuke polepole. Muzigo unaoanguka ndani ya shimo unapiga akse kuliko muzigo unaotembea.

Kazi ya koperative

Ukaguzi unachukua nusu saa. Mwezi mumoja mbele ya mavuno, kila mwanachama atoe gurudumu la nyuma, azungushe akse kwa vidole. Vichwa vyake vikichora duara, imepinda. Kisha aitoe, aipanguse, aangalie uzi karibu na kono. Akiona mustari mweusi unaozunguka chuma, asingoje, hiyo haitafika sokoni.

Lakini ukaguzi hausaidii kama akse mupya haipatikani karibu. Tunawaomba muweke sanduku moja pamoja na vitu vya ghala: akse za nyuma, kono, gololi, ekru, funguo mbili nyembamba za kono, tupa, kopo la grisi na chupa ya mafuta. Mwanachama mumoja ashike kifunguo na daftari. Anayechukua kitu wakati wa mavuno aandikwe, arudishe bei yake baada ya kuuza. Kabla ya kusema sanduku ni bei, linganisheni na hasara ya gunia moja lililouzwa kando ya njia.

Koperative ile ya upande wa Kilwa ilikutana siku chache baadaye ili kutengeneza orodha ya mahitaji ya musimu unaofuata. Walianza sawa desturi: mbegu, majembe, magunia. Mama yule alinyoosha mukono. Hakutukumbusha jiwe letu, ingawa tulikuwa tumeketi mbele yake.

«Muandike na akse,» alisema.

Wengine walicheka, kisha mumoja akasema yake pia inacheza, na wa pili hivyo hivyo. Mwandishi wa koperative akaandika chini ya magunia: akse za nyuma, tatu. Gharama ya kitovu cha mama tuliilipa sisi.