Anwani Ndiyo Ada ya Shule

Kwa miaka sita niliendesha treni ya Green Line kutoka kusini mwa Chicago hadi Oak Park bila kuwaza kwamba siku moja ningeshukia huko kama mkazi. Ukielekea magharibi unapita Pulaski, Cicero, Laramie, Central, kisha Austin. Sehemu hiyo ya mwisho reli iko juu ya tuta, kwa hiyo dereva anaona mapaa na nyua za pande zote mbili. Kabla ya kituo cha Austin kuna viwanja vitupu mahali palipobomolewa nyumba, na hapa na pale dirisha limezibwa kwa mbao. Ukishavuka barabara ya Austin, ambayo ndiyo mpaka wa jiji, matawi ya miti yanakutana juu ya mitaa na nyumba zina vibaraza vipana vya mbele. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa kupiga honi mara moja.

Sisi tulipanga upande wa Chicago, mtaa wa Austin. Majirani walikuwa watu wema, na kodi ya nyumba tuliimudu. Lakini binti yetu alipofika umri wa kuanza shule, mke wangu akaanza kuniuliza kila nikirudi kazini: "Baba, mtoto atasoma wapi?"

Mimi ni mwalimu wa zamani. Nilifundisha hisabati shule ya msingi Tanga kabla ya kupata viza ya bahati nasibu na kuja Marekani mwaka 2006. Kwetu nilizoea milango miwili ya shule nzuri. Mmoja ni mtihani: mtoto wa mvuvi wa Chongoleani akifaulu vizuri sana darasa la saba, jina lake linaweza kutoka sekondari ya Ilboru, Mzumbe au Kibaha. Mwingine ni ada: mwenye fedha anampeleka mwanawe shule binafsi. Huku nikakuta mlango wa tatu, nao ni mkubwa kuliko hiyo miwili, yaani anwani. Shule ya serikali inapokea watoto wanaoishi ndani ya mipaka yake, na sehemu kubwa ya fedha zake katika jimbo la Illinois inatokana na kodi ya majengo ya mahali hapo. Penye nyumba za bei kubwa, shule ina maabara, maktaba na walimu wa muziki. Penye nyumba za bei ndogo, mwalimu ananunua chaki kwa fedha zake.

Ndiyo, Chicago wana shule za kuchaguliwa kwa mtihani, kama Whitney Young, alikosoma Michelle Obama, lakini nafasi ni chache na wanaozigombea ni jiji zima. Watoto wengi wanakwenda wanakopelekwa na anwani. Jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Wazazi wa Texas walilalamika kwamba watoto wao wanapata elimu duni kwa sababu tu mtaa wao ni maskini, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Anwani inachukuliwa kwa uzito kiasi kwamba mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alikaa jela siku 9 kwa kuwaandikisha watoto wake shule ya mji wa jirani kwa kutumia anwani ya baba yake mzazi. Niliposoma habari ile nilimfikiria shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, aliyelea watoto wa ndugu saba ili wasome mjini. Huku wangemfunga.

Basi tukaanza kutafuta nyumba Oak Park.

Oak Park ni mji mdogo unaopakana na Chicago, wenye mamlaka yake tangu 1902. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alijenga nyumba yake hapo mwaka 1889, akaishi na kufanya kazi hapo miaka 20. Kanisa lake la Unity Temple, la zege tupu, liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2019. Ernest Hemingway, aliyeandika hadithi ya theluji ya Kilimanjaro yetu, alizaliwa hapo mwaka 1899 na kumaliza sekondari ya mji huo mwaka 1917. Watalii wanakuja kupiga picha. Mnunuzi mwenye kipato cha dereva wa treni na mke mhudumu wa wazee anatazama vitu vingine.

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa na jiko jipya linalong'aa. Dalali akatushusha chumba cha chini ya ardhi, ukuta umepakwa rangi nyeupe mbichi kabisa. Nyuma ya mashine ya kupasha maji moto pakabaki kipande ambacho brashi haikufika. Nikainama na tochi ya simu, nikapitisha kidole, kikatoka na unga mweupe. Mtoto wa Tanga hahitaji kuambiwa chumvi ukutani maana yake nini, nyumba zetu za karibu na bahari zinaliwa nayo miaka yote. Hapa haitoki baharini, inasukumwa na maji yanayopenya udongoni. Na si maji hayo tu. Miji hii ya zamani mabomba yake yanabeba maji ya mvua na maji taka pamoja, ikinyesha kupita kiasi yanajaa na kurudi nyumbani kwa mtu kupitia tundu la sakafuni. Jiko lile zuri tukaliacha.

Tuliyoinunua, mwaka 2018, ni nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, ya mraba kama sanduku, iliyojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bei ilikuwa dola 385,000. Hapa ndipo fundi alipotufundisha kitu ambacho ningependa kila mnunuzi wa nyumba ya zamani akifahamu. Mbali na mkaguzi wa kawaida wa paa, umeme na msingi, tulimlipa mtu wa kukagua bomba la maji taka. Alikuja na kamera ndogo kwenye waya mrefu, akaiingiza bombani, sote tukasimama kuzunguka kioo chake. Bomba lilikuwa la udongo wa kuchomwa, vipande vimeungwa kimoja baada ya kingine. Tuliona unganiko la kwanza safi, la pili safi, la tatu mizizi imejaa kama nywele za mtu aliyelala. Ulikuwa mti ule ule mzuri wa mbele ya nyumba, uliotufanya tusimamishe gari. Yule fundi akasema, "Huu mti una miaka mingi kuliko sisi sote, na unakunywa hapa." Wakili wetu, maana Illinois ni kawaida mnunuzi kuwa na wakili, akamwandikia muuzaji, tukapunguziwa dola 6,000. Bila kamera ile tungezilipa sisi.

Kuna mambo mengine ya nyumba za umri huu. Zilizojengwa kabla ya 1978 zinaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, na sheria inamlazimu muuzaji kukueleza anachokijua. Mwenye mtoto mchanga asipuuze hilo, risasi inaharibu ubongo. Na ukiwa kwenye eneo la kihistoria, usije na nyundo kubadilisha sura ya mbele kabla ya kuuliza kibali kwa ofisi ya mji.

Fedha nazo zilitupa mawazo ya namna nyingine. Mke wangu alisema tangu mwanzo kwamba hatalala chini ya paa la riba. Tukapata kampuni inayofanya musharaka: inanunua nyumba pamoja nawe, wewe unatoa kianzio, sisi tulitoa asilimia 10, yaani dola 38,500 za akiba ya miaka tisa. Kisha kila mwezi sehemu ya malipo inanunua hisa zao, sehemu nyingine ni pango la hisa zilizobaki. Masheikh hawakubaliani wote juu ya mikataba hii, na malipo ya mwezi hayakuwa madogo kuliko ya benki. Nimeusoma mkataba wangu mara tatu, moyo wangu umetulia. Kila mtu na asome wake.

Kinachowashtua wengi ni kodi ya majengo. Nyumbani Tanzania kodi hiyo ni kiasi ambacho mtu anakatwa kwenye umeme na maisha yanaendelea. Yetu Oak Park ni karibu dola 12,000 kwa mwaka, yaani dola 1,000 kila mwezi juu ya malipo ya nyumba, na haiishi hata ukimaliza deni. Sehemu kubwa zaidi inakwenda shule. Siku ya kwanza nilipoiona bili nilihesabu kama mwalimu: miaka 10 ya shule iliyobaki kwa binti yangu ni dola 120,000. Hiyo ndiyo ada. Shule inaitwa ya bure kwa sababu hulipishwi mlangoni.

Lakini fedha si jambo lililonikaa moyoni zaidi. Dalali wetu, mama mtaratibu, alikataa kabisa nilipomuuliza mtaa upi una "watu wazuri". Akasema sheria inamkataza kuelekeza wanunuzi kwa rangi au dini zao, na akanieleza sababu. Mwaka 1950 mkemia Percy Julian, mjukuu wa watumwa kutoka Alabama, aliyetengeneza dawa kutokana na soya, alinunua nyumba Oak Park. Kabla familia haijahamia, watu wakajaribu kuichoma moto, siku ya sikukuu ya Shukrani. Mwezi wa sita mwaka uliofuata wakairushia baruti, watoto wake wakiwa ndani. Hakuhama.

Baadaye, weusi walipoanza kununua nyumba Austin, madalali wengine wakawatia hofu weupe: uzeni upesi, bei inashuka! Mitaa mizima ikahama ndani ya miaka michache. Oak Park ikachagua njia nyingine. Mei 1968 ikapitisha sheria yake ya kukataza ubaguzi katika nyumba. Mwaka 1972 kikaanzishwa kituo cha kuwasaidia wapangaji wa rangi zote kuishi mitaa yote. Mwaka 1978 mji ukaweka hata bima ya kumfidia mwenye nyumba iwapo bei ingeporomoka, ili hofu ikose pa kushika. Mji haujawa pepo, na bei zenyewe sasa zinafanya kazi iliyofanywa zamani na baruti, kwa kimya. Ila mimi Mswahili mweusi wa Tanga nalala pale kwa sababu mtu mmoja alikataa kuhama na wengine wakaandika sheria.

Shule ya kati aliyosoma binti yangu inaitwa Percy Julian. Siku ya kwanza nilimsindikiza, nikasimama mbele ya jina lile mpaka akaniambia, "Baba, watu wanatazama." Sasa yuko sekondari ya mji, ile ile ya Hemingway, na jioni ananieleza kemia nisiyoifahamu. Nami bado naendesha treni ileile. Kila nikivuka barabara ya Austin nawaona watoto wanaobaki upande ule, wenye akili kama za binti yangu, na sijapata jibu la kujipa.

Kwa ndugu mnaotafuta nyumba huku, nawaomba. Kabla hamjaitazama nyumba, ombeni bili ya kodi ya mwaka uliopita, na mkishanunua mjaze fomu ya punguzo la mwenye nyumba, kwani kaunti yetu ya Cook haikupi usipoiomba mara ya kwanza. Lipieni kamera ya bomba. Na mkishapata uraia, nendeni mkapige kura ya bodi ya shule. Wanaochagua bodi hiyo ndio wanaoamua sehemu kubwa ya dola 12,000 zetu inatumikaje, na siku ya kura foleni huwa fupi.