Nywele Nne Mgongoni mwa Nzi

Simama jioni kwenye kibanda cha mama mboga pale Jericho au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, karibu na kichane cha ndizi zilizoiva mno. Utawaona nzi wadogo wenye macho mekundu. Wengi huwafukuza kwa mkono. Mimi nakuomba umkamate mmoja, kwani mlango wa elimu ya kitabu hiki uko mgongoni mwake.

Mtie chini ya lenzi. Nyuma kabisa ya kifua pana kijisahani mfano wa ngao, na juu yake zimesimama nywele nne ngumu, mbili kila upande. Kamata mwingine Kayole: nne. Aliyekulia kwenye baridi ya Julai huchelewa kukomaa, na mwili wake huwa mkubwa kuliko wa nzi wa Februari. Nywele ni zilezile nne. Ukubwa huyumba, hesabu haiyumbi. Nao nzi hawa wametofautiana sana kijeni! Basi nani anayeilinda hiyo nne?

Mwaka wa 1942, Conrad Waddington wa Uingereza aliliita jambo hili kanalizesheni, yaani kuchimbiwa mfereji. Mkazi wa Eastlands hahitaji maelezo marefu. Mvua ya Aprili hushuka kutoka paa la mabati, la vigae, la saruji, kila moja kwa nguvu zake, na mtaro ukiwa mzima maji yote hufuata njia moja. Ni siku ule mtaro unapoziba ndipo unapojua kila paa lilikuwa likimwaga kiasi gani.

Mwaka wa 1959, J. M. Rendel, aliyefanya kazi Australia, alieleza habari za nzi ambao jeni inayohusika na nywele hizo ina hitilafu. Hesabu ilivurugika: huyu mbili, yule moja, na tofauti hizo zikarithiwa. Kisha mwaka wa 1998, Suzanne Rutherford na Susan Lindquist, wakiwa Chicago, walionyesha kwamba protini ya Hsp90, ambayo husaidia protini nyingine kushika umbo lake, ikipungua, nzi hutokea na kasoro za macho, mabawa au miguu, kila ukoo kwa namna yake. Tofauti zilikuwemo tangu zamani, zimefunikwa tu. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika bayolojia: kufanana kwa viumbe ni kazi inayofanywa, tena kila siku, ndani ya kila yai.

Karibu. Kabla ya sura ya kwanza, acha ndizi mbivu ndani ya chupa iliyo wazi siku mbili, kisha ifunike kwa kitambaa chepesi. Baada ya wiki mbili tatu hivi, watoto watatoka. Chukua lenzi, uhesabu.