Mdako, Kombolela na Kalamu

Mtoto wa Kalemela, mkoani Simiyu, anapocheza mdako hurusha kijiwe juu, huchota vingine kutoka shimoni, kisha hukidaka kabla hakijaanguka. Hapo anahesabu na kukadiria muda, na vidole vinapata nguvu zitakazohitajika kushika kalamu.

Kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana, nayo ina somo lake: kusubiri zamu, kufuata kanuni na kukubali kushindwa.

Michezo ina nafasi hata katika maandalizi ya shule. Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania, uliokuwa na mafunzo ya wiki chache ya utayari wa shule kwa watoto waliokosa darasa la awali. Hadithi, nyimbo na michezo vilibeba masomo hayo. Watoto wengi wa huku huanza shule wakizungumza Kisukuma, hivyo mchezo huwapa nafasi ya kujaribu Kiswahili bila hofu ya kukosea.

Vifaa havina gharama: vizibo vya soda, mbegu, vijiti na mchanga. Mzazi, mwanao akirudi na vumbi, muulize amecheza nini leo, naye akueleze.