Kwa Nini Profesa wa Historia Hana Mzaha na Tanbihi

Wiki ya kwanza ya muhula, anayeingia darasa la historia katika chuo cha Marekani hupewa silabasi ya kurasa kadhaa: siku za kukabidhi kazi, alama zinazokatwa ukichelewa, vipindi unavyoruhusiwa kukosa, na aya nzito kuhusu uadilifu wa kitaaluma. Wageni wengi huipita aya hiyo juu juu na kukimbilia orodha ya vitabu. Tafadhali isome. Ina historia ndefu, na ukiijua utaelewa kwa nini profesa hana mzaha nayo.

Chimbuko lake mojawapo ni Chuo Kikuu cha Virginia. Novemba 1840 wanafunzi waliojifunika nyuso walikuwa wakifanya fujo usiku. Profesa John A. G. Davis akatoka kutaka kumtambua mmoja wao. Akapigwa risasi, na baada ya siku mbili akafariki. Mwaka 1842 profesa mwingine wa hapo, Henry St. George Tucker, akapendekeza kila mtahiniwa atie saini kwamba hakupata msaada wowote katika mtihani. Walimu na wanafunzi waliokuwa wakitazamana kwa shuku wakapata pa kuanzia kuaminiana. Princeton nayo ikaanzisha utaratibu wake mwaka 1893, na vyuo vingine vingi vina viapo vya aina hiyo hadi leo.

Somo la historia lina sababu yake ya ziada. Mwanakemia akikutilia shaka, atarudia jaribio lako maabara. Vita vya Majimaji havirudiwi. Kilichobaki ni barua, majalada ya serikali na masimulizi ya wazee, na msomaji hawezi kuyafikia bila tanbihi inayomwonyesha yalipo. Waliosoma madrasa watalielewa hili upesi: tanbihi ni kama sanadi ya hadithi, yaani msururu wa wapokezi wake: akikosekana mpokezi mmoja katikati, habari yote inadhoofika.

Hata wakubwa wamejikwaa hapa. Mwaka 2002 Stephen Ambrose, mwanahistoria aliyesomwa na mamilioni, alibainika kuchukua sentensi za mwanahistoria mwenzake Thomas Childers katika kitabu chake *The Wild Blue*. Childers alitajwa kwenye tanbihi, ila maneno yake hayakuwekewa alama za kunukuu, na msomaji akadhani ni ya Ambrose. Mwaka huohuo mwanahistoria Michael Bellesiles alijiuzulu Chuo Kikuu cha Emory, na Chuo Kikuu cha Columbia kikamnyang'anya Tuzo ya Bancroft, ya vitabu vya historia, aliyopewa kwa kitabu kuhusu bunduki Marekani. Miongoni mwa kumbukumbu za mirathi alizodai kuzisoma zilikuwamo za San Francisco, ambazo ziliteketea katika tetemeko na moto wa 1906. Waliomgundua walifanya jambo moja tu: walifuata tanbihi zake.

Kosa linalowanasa wengi ni kubadili maneno. Tuseme kitabu kuhusu Majimaji kimeandika: "Vita vilienea haraka kwa sababu habari za maji ziliwatangulia askari." Wewe ukaandika: "Mapigano yalisambaa upesi kwa kuwa taarifa za maji ziliwawahi wanajeshi." Karibu kila neno ni jipya, lakini hoja na mpangilio wake ni vya mwenyewe. Usipomtaja, umeiba. Ukimtaja huku umemfuata hatua kwa hatua, bado hujaandika chako. Funga kitabu, eleza ulichoelewa, kisha mtaje aliyekufundisha.

Kuna pia biashara ya kuandikiwa insha, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tunahusika moja kwa moja, kwani vijana wengi wasomi wa Kenya wamejipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo. Kwa England, sheria ya 2022 imefanya kutoa huduma hiyo kuwa kosa la jinai. Marekani, mnunuzi anaweza kupewa sifuri, kufelishwa kozi nzima au kusimamishwa chuo; na kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, kusimamishwa kunaweza kumpotezea haki ya kubaki nchini. Akili mnemba nayo ina masharti yanayotofautiana kati ya profesa na profesa. Muulize kabla hujaitumia, na uliza kwa maandishi ili jibu libaki. Kusaidiana, ambako kwetu ni uungwana, nako kuna mpaka: jadilianeni mada, lakini kila mmoja aandike peke yake isipokuwa mmeruhusiwa vinginevyo.

Masharti haya ya kutaja chanzo yanatufaa sisi wenye masimulizi ya wazee kuliko wengi. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na Burundi kisha akafundisha Wisconsin, alitetea masimulizi ya mdomo kuwa ushahidi halali wa historia, mradi yapimwe na kuelezwa yalikotoka. Kwa hiyo kama bibi yako anakumbuka kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, mwombe ruhusa, mrekodi, kisha andika kwenye tanbihi jina lake, mahali na tarehe ya mazungumzo. Mpe heshima ileile unayompa profesa aliyechapisha kitabu.