Wanafunzi wa kigeni Zanzibar: Mwenyeji naye anufaike

KILA mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka Marekani na Ulaya hufika Zanzibar kujifunza Kiswahili na kuitazama jamii kwa karibu. Jambo hilo si geni Visiwani: Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI), iliyoanzishwa mwaka 1978, iliwafundisha wageni kabla ya kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Baadhi yao huishi na familia. Darasani hufundishwa ngeli. Nyumbani hujifunza kwamba salamu hutangulia kila shida, viatu huvuliwa mlangoni, na mwezi wa Ramadhani hubadilisha saa za mji mzima.

Ugumu huanza pale kutazama kunapogeuka utafiti. Mwanafunzi aliyekaa miezi michache huandika ripoti kuhusu wavuvi au wakulima wa mwani, mara nyingi kwa Kiingereza, na pengine ikawekwa kwenye intaneti. Walio mbali huisoma; waliohojiwa hawaioni. Kosa likiingia humo, anayeweza kulisahihisha hana habari.

Utaratibu unamtaka mtafiti wa kigeni apate kibali cha Serikali. Hata hivyo, kibali hicho hakimlazimishi mwananchi kujibu. Anaweza kuuliza lengo la maswali, kukataa kupigwa picha, na kuomba muhtasari kwa Kiswahili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona iwapo habari zake zitasafiri, naye akabaki bila nakala.