Msaada wa Rika kwa Wanafunzi wa Ukanda wa Mahindi

Katika Moi's Bridge, mji ulio mpakani mwa kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia, karo ya chuo kikuu hufuata msimu wa mahindi kuliko kalenda ya masomo: mbegu hupandwa Machi na Aprili na mavuno huanza takriban Oktoba, ilhali mwaka wa masomo kwa kawaida hufunguliwa Agosti au Septemba, wakati ambapo fedha za mkulima zingali shambani. Mwanafunzi atokaye huko kwenda Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, au kile cha Eldoret, huweza kuanza muhula akiwa na deni, akipunguza milo na kuusubiri mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi, bila kumweleza mtu.

Anayegundua kwanza, mara nyingi, si mhadhiri bali ni mwenzake wa chumba. Ndiyo maana vyuo vingi vya Kenya vina washauri rika, yaani wanafunzi waliofunzwa kusikiliza, kutunza siri na kumfikisha mwenzao kwa mshauri wa kitaalamu inapobidi. Kwamba kijana humfaa kijana si dhana tupu: utafiti wa shirika la Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021 ukihusisha wanafunzi 413 wa shule za upili nchini, ulionyesha kuwa vikao vinne vya saa moja, vilivyoongozwa na vijana waliotoka shuleni karibuni, vilipunguza dalili za wasiwasi na za sonona, ambayo ni huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu hamu ya shughuli zake.

Vijana hao, lakini, walifunzwa na kusimamiwa, na hapo ndipo penye uzito. Mshauri rika asiye na msimamizi hubaki na siri asizoziweza, kama ile ya mwenzake anayewaza kujiua. Na kwa miaka mingi sheria ilimwongezea hofu, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025.

Hofu hiyo imepungua, ila njaa ya Septemba haiondolewi na kikao cha ushauri. Vyuo vinavyowapokea wana wa wakulima hawa viwaajiri wataalamu wa kuwasimamia washauri rika, na makataa ya karo yasogezwe hadi Desemba, mahindi yakishauzwa.